Vichupa Kumi na Sita vya Muhoroni

Friza ilikuwa nzima. Kufuli lake halikuvunjwa, mlango haukukwaruzwa, na taa yake ya kijani ilikuwa ikiwaka kana kwamba hakuna lililotokea. Ila rafu ya nne ilikuwa tupu.

"Vilikuwa vingapi?" Inspekta Jentrix Wepukhulu aliuliza.

"Vichupa kumi na sita," alijibu Profesa Debra Obiero, mkurugenzi wa kituo. "Vidogo, kama kidole. Na daftari moja jeusi lililokuwa juu ya meza ile."

"Ndani ya vichupa mlikuwa na nini?"

"Bakteria."

Koplo Waswa, aliyekuwa ameinama akipaka unga wa kuchukulia alama za vidole kwenye mpini wa friza, alirudi nyuma hatua mbili.

"Usihofu, koplo," Profesa alisema. "Ni wa udongo tu. Umewakanyaga tangu ulipoanza kutembea."

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, katika Kituo cha Utafiti wa Udongo cha Lolwe, jengo la ghorofa moja upande wa Dunga, nje kidogo ya mji wa Kisumu. Dirishani maji ya ziwa hayakuonekana. Magugu maji yalikuwa yamelifunika, kijani kitupu, na maboti matatu yalikuwa yamenasa humo tangu juzi.

Inspekta Jentrix alikuwa mwanamke wa Bungoma, mrefu, mwenye miaka kumi na saba katika kazi ya polisi. Kulikuwa na jambo moja lililomuudhi kuliko yote, nalo ni kuambiwa mwizi ni nani kabla hajauliza swali. Siku hiyo alikuwa ameambiwa mara tatu, na chai bado hajanywa.

Mwizi, kwa maneno ya kila mtu, alikuwa Milka Achola, fundi wa maabara, mkazi wa Nyalenda. Funguo za friza zilikuwa tatu: moja ya Profesa, moja ya mkuu wa maabara, moja ya Milka. Kitabu cha mlangoni kilionyesha kwamba Ijumaa jioni Milka ndiye aliyetoka mwisho. Jumatatu asubuhi ndiye aliyeifungua friza na kupiga kelele. Kufikia saa tatu alikuwa seli.

Sheria haichezi. Ndani ya saa ishirini na nne mshukiwa afikishwe mahakamani au aachiliwe. Kesho saa tatu asubuhi Milka angesomewa shtaka la wizi, na hata angeshinda kesi baada ya miaka miwili, hakuna maabara ambayo ingempa tena ufunguo wa chochote. Jentrix alilijua hilo vizuri. Alikuwa amewahi kuona watu wasio na hatia wakirudi nyumbani bila kazi na bila jina.

"Nani aliwapigia simu wenzangu?" aliuliza.

"Mimi," ilisema sauti mlangoni.

Huyo alikuwa Daktari Mathews Oyugi, mkuu wa maabara. Tai imenyooka, viatu vinang'aa, koti jeupe lisilo na doa hata moja.

"Kwa nini Milka, Daktari?"

"Ana tamaa. Kuna kampuni za nje zinazonunua bakteria kama hawa."

"Ulisikia wapi?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

Oyugi alirekebisha tai yake. Jentrix aliandika kitu kifupi kwenye kijitabu chake na kuendelea.

"Hao bakteria walioibwa wana faida gani?"

"Wale ambao Milka aliwaleta kutoka Muhoroni? Si kubwa. Mazoezi ya fundi tu. Bakteria wa maana ninaye mimi, na yuko salama kwenye friji ya ofisi yangu. Huyo nilimpata Sondu."

Uso wa Profesa ulichangamka, akaeleza mwenyewe. Bakteria wa Sondu alitengeneza kimeng'enya, yaani kile kitu ambacho kiumbe hutumia kuyeyushia chakula chake, kama mate yanavyofanya mdomoni. Kimeng'enya hiki kilikuwa na nguvu ya ajabu. Kiliweza kugeuza magugu maji na makapi ya miwa kuwa sukari, tena kwenye joto linaloua vingine. Alhamisi wangekitangaza mbele ya wageni kutoka kaunti tano.

"Kwa hiyo," Jentrix alisema polepole, "mwizi aliruka bakteria wa maana, akachukua wasio na maana?"

"Fundi hajui tofauti," Oyugi alisema.

"Sawa. Profesa, bakteria mmoja akilishwa leo, kesho mnao wangapi?"

"Mabilioni."

"Basi anayetaka kwenda kuwauza anahitaji vichupa vingapi?"

"Kimoja," Profesa alisema. "Hata tone moja linatosha."

"Tena angechukua tone hilo na kurudisha kichupa, msingejua mpaka leo. Huyu alibeba vyote kumi na sita, na daftari juu. Mtu huyu hakutaka kuwa na bakteria hao. Alitaka wasiwepo."

Daktari Oyugi alitazama saa yake, akasema ana mkutano.

Kabla ya kuondoka, Jentrix aliomba nakala ya ripoti ya bakteria wa Sondu. Aliisoma kwenye gari huku Waswa akiendesha. Ukurasa wa pili ulisema: udongo ulichukuliwa na Dkt. M. Oyugi mwenyewe, tarehe kumi na mbili Januari, nyuma ya zizi, boma la Mama Dorca, Sondu.

Kwenye kituo cha polisi, Milka aliletwa chumba cha mahojiano bila viatu wala mshipi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, macho mekundu, lakini alikaa wima kwenye kiti.

"Umeiba?" Jentrix aliuliza.

"La."

"Bakteria wako walitoka wapi?"

"Muhoroni, madam. Nje ya kiwanda cha sukari kuna lundo la makapi, limekaa miaka. Ukichimba chini yake udongo unatoa mvuke wenyewe. Nikajiambia, kiumbe anayeishi hapa anakula makapi na haogopi moto. Huyo ndiye namtaka."

"Ukampataje?"

"Nilipanda visahani mia nne na kumi. Unawapa bakteria chakula kimoja tu, nyuzi za mmea. Kisha unamwaga rangi nyekundu. Mahali nyuzi zimeliwa, rangi haishiki, inabaki duara nyeupe. Wengine walitoa kaduara kadogo. Mmoja alifagia karibu nusu ya sahani." Kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Nililia, madam. Nilikaa pale chini nikalia."

"Ulimwambia nani?"

"Daktari. Ilikuwa Januari. Nilimpa kichupa kimoja akione. Akaniambia nikae kimya tuhakikishe kwanza. Nikakaa kimya. Ijumaa nikamwambia tumehakikisha vya kutosha, Jumatatu nitamwonyesha Profesa."

"Na bakteria wa Sondu?"

"Gani wa Sondu?"

Jentrix alimsogezea ripoti. Milka alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili na wa tatu, kisha akaweka kidole juu ya mchoro mmoja.

"Huyu ni wangu."

"Unajuaje? Karatasi haina sura."

"Ina tabia! Kila kimeng'enya kina tabia yake, kama mtu. Angalia, kinafanya kazi vizuri kabisa kwa nyuzi sitini na nane za joto, zikifika sabini na tano kinaanguka. Ni changu. Na Sondu alikwenda lini? Daktari haendi shambani. Miaka sita niko pale, sijamwona na jembe."

"Anaweza kusema wake ni ndugu wa huyo wako. Wamefanana tu."

Milka alifikiri. Alipoinua macho, yalikuwa makavu.

"Kuna kitu hakiko kwa hii ripoti. Nilikipima wiki mbili zilizopita, kiko kwa daftari langu tu. Ukiweka shaba kidogo, kimeng'enya kinakufa kabisa. Lakini ukiweka manganizi, madini mengine hayo, nguvu yake inapanda karibu mara mbili. Mwulize Daktari kama anajua."

"Andika hayo," Jentrix alisema. "Weka sahihi, tarehe na saa."

Karatasi ilitiwa kwenye bahasha mbele ya mkuu wa kituo, ikafungwa kwa lakiri. Ilikuwa saa saba na robo mchana.

Saa tisa walikuwa Sondu. Boma la Mama Dorca lilikuwa juu ya mto, upande wa Kisumu, limefagiwa likang'aa. Mwenyewe alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, akipeta mtama. Aliwakaribisha vizuri, akawapa viti, akaita maji ya kunawa. Alipoelezwa kilichowaleta, aliweka ungo chini.

"Udongo? Udongo ya boma yangu?"

"Ndiyo, mama. Mwezi wa kwanza. Nyuma ya zizi."

"Nani amechukua?"

"Tunakuuliza wewe, mama."

"Nyathina, mtoto wangu, wewe si mtu wa huku?" Mama Dorca alisimama. "Hapa mtu akichota udongo kwa boma ya mtu, hiyo ni kitu ya juogi. Uchawi! Anaenda kufunga watoto yako nayo. Mwaka jana watu wa kutengeneza barabara walitaka kijiko moja tu, kijiko! Walikuja na chifu, wakakuja na pasta, tukaomba, wakakunywa chai masaa mawili ndio nikawapatia. Sondu yote ilijua. Sasa mtu achukue udongo nyuma ya ng'ombe zangu na mimi ninyamaze? Ningepiga nduru mpaka Kericho wasikie!"

"Unamjua Daktari Mathews Oyugi?"

"Mathews? Huyo alisoma na kijana yangu. Alikuwa anakula hapa. Lakini tangu tuzike mzee hajakanyaga hapa, na hiyo ni miaka kumi sasa."

"Una hakika, mama?"

"Uliza jirani. Uliza hata hiyo mbwa."

Jentrix aliuliza majirani watatu. Wote walikumbuka kijiko cha watu wa barabara, chifu, pasta na chai. Hakuna aliyekumbuka daktari wala jembe. Mama Dorca aliweka kidole gumba chake kwenye taarifa, kisha akawasindikiza hadi langoni, na hapo akamshika Waswa mkono.

"Viatu."

"Mama?"

"Panguza viatu. Hiyo matope ni yangu."

Koplo Waswa, afisa wa serikali mwenye bunduki kiunoni, aliinama akakwangua matope kwa kijiti mpaka Mama Dorca akaridhika. Jentrix alifanya hivyo hivyo bila kuambiwa. Ndani ya gari alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mtu wa huku kabisa kama Daktari," alisema, "angekosaje kulijua hilo?"

"Analijua, madam," Waswa alisema. "Lakini miaka yote ametuma watu. Wanaokwenda na chifu ni akina Milka. Yeye anajaza fomu tu."

Jumanne, saa moja kamili asubuhi, watu wanne walikusanyika kwenye maabara: Jentrix, Waswa, Profesa na Daktari Oyugi. Milka alikuwa bado seli, na gari la mahakamani lingeondoka saa mbili na nusu.

"Daktari," Jentrix alisema, "kimeng'enya chako kikiwekewa shaba, kinafanya nini?"

Oyugi alitabasamu kwa upole, kama mwalimu aliyeulizwa swali la darasa la tano. "Hakuna tofauti kubwa. Vingi vya aina hii havijali shaba."

"Umepima?"

"Bila shaka."

"Na manganizi?"

"Hupunguza nguvu kidogo."

"Umepima?"

"Inspekta, nimekwambia."

Jentrix alitoa bahasha yenye lakiri, akaiweka katikati ya meza. "Humu mna majibu ya mtu mwingine. Yaliandikwa jana saa saba na robo. Profesa, naomba upime wewe mwenyewe. Asiguse mtu mwingine."

Profesa Debra alivaa glavu. Alitoa bakteria wa Sondu kwenye friji ya ofisi ya Oyugi, akachuja maji waliyokuwa wakiogelea ndani yake, maana humo ndimo kimeng'enya hukaa. Aliyagawa katika mirija mitatu ya kioo. Katika wa kwanza hakuongeza kitu. Wa pili alitia shaba, wa tatu manganizi. Kila mmoja aliupa unga wa magugu maji, akaiweka yote kwenye maji ya nyuzi sitini na nane. Baada ya dakika kumi alidondoshea dawa ya njano, akaichemsha.

"Dawa hii ikikutana na sukari hugeuka," alimweleza Jentrix. "Sukari nyingi, rangi nzito. Isipokuwapo sukari, inabaki njano."

Walingoja. Nje, mtu alikuwa akimfokea mwenzake juu ya boti iliyonasa. Daktari Oyugi alikuwa ameketi, mikono magotini.

Mrija wa kwanza uligeuka rangi ya chungwa. Wa pili, wenye shaba, ulibaki njano. Wa tatu ulianza kwa chungwa, ukapita wekundu, ukawa hudhurungi nzito kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.

Jentrix alivunja lakiri, akampa Profesa karatasi. Profesa alisoma mara mbili.

"Shaba inakiua," alisema kwa sauti ndogo. "Manganizi inakipandisha. Mathews, Milka amejuaje tabia ya bakteria wako akiwa amefungwa, na wewe huijui?"

"Kubahatisha," Oyugi alisema.

"Labda," Jentrix alisema. "Basi tuzungumzie Sondu. Ulichukua udongo nyuma ya zizi la Mama Dorca?"

"Ndiyo."

"Alikuruhusu?"

"Hakuwepo. Nilichota kidogo nikaondoka."

Profesa Debra aligeuka akamtazama. Hata yeye, mtoto wa Kisumu aliyesoma ng'ambo miaka saba, aliujua mwiko huo. "Ulichota udongo katika boma la mjane," alisema, "bila mwenyewe kuwepo? Wewe, Mathews? Na uko hai?"

Jentrix alifunua taarifa yenye kidole gumba, na chini yake taarifa za majirani watatu. Alikuwa amejifunza kwamba mtu akikaribia kusema kweli, asaidiwe kwa kuachiwa nafasi.

Saa ya ukutani ilionyesha mbili kasorobo. Daktari Oyugi alilegeza tai, akaivua kabisa, akaishika mkononi.

"Ilikuwa Jumamosi," alisema. "Milka ni Msabato, nilijua atakuwa kanisani mpaka jioni. Niliingia mchana, sikuandika kitabuni."

"Vichupa viko wapi?"

"Niliviweka kwenye mtungi wa mvuke. Dakika ishirini. Hakuna kinachotoka hai humo. Daftari nalo nililichoma na takataka nyuma ya jengo."

"Na bakteria wa Sondu?"

"Hakuna bakteria wa Sondu. Ni kile kichupa alichonipa Januari."

"Kwa nini?" Profesa aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia, si ya mkurugenzi. "Ungekuwa msimamizi wake. Ungepata sifa tu."

"Msimamizi!" Oyugi alicheka vibaya. "Miaka kumi na moja, Debra. Udongo wa sehemu mia tatu. Kila Desemba unaniuliza, Mathews, tumepata nini? Kila Desemba nakwambia, karibu. Halafu huyu Milka, mwenye diploma, niliyemfundisha mwenyewe kushika sindano ya kupandia, anampata bakteria huyo kwenye makapi nje ya kiwanda. Mimi nimepita pale kila mwezi nikienda mikutanoni. Nimepita na kioo cha gari kimefungwa kwa sababu ya harufu." Alifuta macho kwa ile tai. "Sikuweza kustahimili kumpigia makofi. Ni hilo tu. Nilijaribu, sikuweza."

Waswa alimfunga pingu. Jentrix alipiga simu kituoni, akasema jina la Milka Achola litolewe kwenye orodha ya mahakamani, mara moja, kabla ya gari kuwashwa.

Walikutana ukumbini mwa kituo cha polisi, saa mbili na dakika ishirini. Milka alikuwa amerudishiwa viatu, mshipi na simu. Oyugi alikuwa akiingizwa. Profesa alimkumbatia Milka, akamwomba msamaha mbele ya watu wote, na Milka akalia bila kujificha.

Kisha alimsogelea Oyugi. Jentrix hakumzuia.

"Daktari, Ijumaa nilikwambia nimekutumia barua pepe. Ulisoma?"

"Sikuifungua. Nilidhani unanishtaki."

Milka alifungua simu, akamwekea mbele ya macho. Jentrix naye alisoma juu ya bega la Milka. Ilikuwa rasimu ya tangazo la ugunduzi, kurasa tatu, yenye michoro. Juu kabisa palikuwa na majina mawili ya wagunduzi. La kwanza lilikuwa la Mathews Oyugi. La pili lilikuwa la Milka Achola.

"Wewe ndiye uliyenifundisha," Milka alisema. "Nilitaka uwe mbele."

Oyugi alisoma, akarudia kusoma.

"Milka," alisema. "Liache. Tafadhali, jina liache."

Milka alimhurumia, na huruma hiyo ilionekana wazi usoni mwake. Kisha aligeuza simu upande wake, akaweka kidole, akalifuta jina la kwanza herufi moja moja mpaka likaisha.

"Kile kichupa kilichobaki?" alimwuliza Jentrix.

"Ni kielelezo cha polisi. Kitakaa chini ya ulinzi mpaka kesi iishe."

"Si neno." Milka alijifuta machozi kwa kiganja, akamgeukia Profesa. "Lundo bado liko pale pale na najua mahali pa kuchimba. Tukitoka sasa, tutafika Muhoroni kabla ya jua kuwa kali."